Kwa nini watu wanavumilia miaka 20 halafu wanalipuka siku moja kwa kitu kidogo?

Mtu wa Kijiweni (mwanzisha uzi)

Wakuu salama. Uzi mrefu kidogo huu, asiyependa kusoma apite kimyakimya asije kuniandikia "fupisha".

Juzi kati nilikuwa kwa mama mmoja anayekaanga maandazi na chapati karibu na stendi, mji siutaji. Wakashuka mgambo kwenye gari lao, tumeshawazoea hakuna jipya, mmoja akapiga teke jiko, karai la mafuta likaenda chini, maandazi yote mchangani, mama kabaki kashika kijiti cha kugeuzia. Pale tulikuwa si chini ya watu 40, boda, wapiga debe, makonda, abiria. Watu wakaguna, wakasonya, jamaa mmoja akasema Mungu anawaona, gari likaondoka zake. Dakika kumi baadaye kila mtu yuko na yake. Usiku sikulala vizuri, na sio huruma peke yake, kuna swali lilinikaa kichwani: mbona hapakutokea kitu?

Maana kisa hichohicho, mchuuzi na watu wa halmashauri, ndicho kilichomng'oa rais Tunisia. Desemba 17, 2010, Sidi Bouzid, mji wa ndani huko mbali na fukwe za watalii, kijana wa miaka 26 anaitwa Mohamed Bouazizi kanyang'anywa mizani yake, kaenda ofisi ya mkuu wa mkoa kulalamika hawakumsikiliza, akajimwagia mafuta akajiwasha moto hapohapo nje. Akafariki Januari 4. Januari 14 Ben Ali, aliyekuwa amekaa miaka 23 kwenye kiti, akapanda ndege kwenda Saudi Arabia. Siku 28 tu tangu ule moto.

Wengi wanaishia hapo, eti alijichoma watu wakaamka. Lakini Machi 2010, miezi tisa kabla, mchuuzi mwingine alijichoma vilevile, nchi hiyohiyo, mji wa Monastir, na yeye ugomvi wake ulikuwa na halmashauri. Watu walijaa kwenye mazishi, wakazika, wakarudi makwao. Rais alikuwa yuleyule, ajira hakuna vilevile, polisi walewale. Kwa hiyo ukiniambia "umaskini ndio chanzo" nakuuliza mbona Machi kimya na Desemba moto?

Mimi naona hivi. Hasira ipo siku zote, hiyo haihitaji kuletwa na mtu. Kinachokosekana ni kujua kwamba mwenzako naye anayo na naye yuko tayari. Pale stendi kila mmoja alikuwa anawahesabu wenzake 39 kwa jicho la pembeni. Sidi Bouzid siku ileile watu walikusanyika kupiga kelele, ndugu mmoja wa Bouazizi akarekodi akaweka Facebook, Al Jazeera wakaichukua, nchi nzima ikaona kuna watu wamesimama mbele ya ofisi ya mkubwa na ardhi haijawameza. Yule wa Monastir hakuna aliyemrekodia watu wake.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Romania 1989. Ceaușescu, rais wao, kaitisha mkutano Desemba 21, wafanyakazi wamesombwa viwandani kuja kumshangilia, TV ya taifa iko laivu. Katikati ya hotuba kelele zikaanza kule nyuma, wengine wakazomea. Yule mzee akasimama kimya pale roshani, mkono juu, mdomo wazi kidogo, hajui afanye nini. Ile video ipo, itafuteni. Muda mfupi tu lakini taifa zima limemuona anaogopa, na kila mtu anajua kwamba na wengine wamemuona. Kesho yake kakimbia na helikopta kutoka juu ya paa, siku ya Krismasi kapigwa risasi yeye na mkewe.

Nawasilisha. Karibuni mnikosoe.

Fundi Seremala

Mtoa mada umeandika vizuri ila unazunguka mbuyu. Ni TUMBO kaka. Zambia Desemba 1986 Kaunda aliondoa ruzuku kwenye unga, Copperbelt ikawaka, watu wamekufa, serikali ikarudisha ruzuku. 1990 wakapandisha tena unga, Lusaka ikawaka tena, mwaka uliofuata Kaunda huyo kaenda uchaguzi wa vyama vingi kapigwa na Chiluba. Misri Januari 1977 Sadat kaondoa ruzuku kwenye vyakula, siku mbili za moto, karudisha. Msumbiji Septemba 2010 mkate umepanda, Maputo imesimama, bei ikarudishwa. Sudan ndo usiseme, Desemba 2018 mkate kutoka pauni 1 mpaka 3, Atbara ikaanza, Aprili rais Bashir hayupo. Hizo za kuhesabiana kwa jicho ni za wasomi, mtu mwenye njaa hamhesabu mtu.

Mtu wa Kijiweni

Fundi nakuheshimu lakini hebu angalia mifano yako mwenyewe. Hao wote uliowataja waliokuwa na njaa kali zaidi walikuwa vijijini, na vijijini hakukuwaka. Kumewaka Lusaka, Cairo, Maputo, mijini kwenye watu wanaokula mara mbili. Mwenye njaa ya kweli anatafuta chakula, hana nguvu ya kuchoma matairi. Atbara yenyewe ni mji wa reli, una historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi.

Ninachokubali kwako ni hiki: bei ya mkate inapandishwa kwa watu wote siku moja, saa moja. Ukidhulumiwa shamba unadhulumiwa peke yako, mkate ukipanda asubuhi mtaa mzima mko kwenye foleni moja mnaangaliana. Hiyo ndo nguvu yake, kwamba imewakusanya bila mtu kuitisha mkutano.

Pweza wa Forodhani

Assalaam aleikum. Nyie watu wa bara mnakwenda Romania wakati mambo yapo hapa. Julai 30, 1951, Kiembe Samaki, Unguja. Serikali ya Mngereza imewaambia wakulima wawalete ng'ombe wao wachanjwe kimeta. Watu wamekataa, wamekamatwa, wamepelekwa mahakamani mjini, wenziwao wakafuata kwenda kuwatoa, polisi wakapiga risasi watu wakafa. Mpaka leo wazee wanaita Vita vya Ng'ombe.

Sasa mtu wa nje akisoma atasema hawa watu wajinga wamekufa kwa ajili ya chanjo ambayo ingewafaa. Walaa! Ng'ombe sio kisa. Watu walewale walikuwa washachukuliwa ardhi ya kupanua uwanja wa ndege. Ardhi imekwenda, umenyamaza. Halafu mtu yuleyule anakuja na sindano anakwambia naja kumtibu ng'ombe wako kwa wema wangu, na usipokubali jela. Nani atamwamini? Marehemu babu yangu alikuwa akisema aliyekuibia kuku usimpe yai akushikie.

Kwa hivyo mimi nasema chanzo ni imani ilokufa. Imani ikishakufa hata jambo zuri linakuwa fitina.

Mtu wa Kijiweni

Sheikh hii sikuwa nimeifikiria hivyo, ahsante. Na inafanana mno na zile vurugu za gesi Mtwara, kuna mtu wa Mtwara humu?

Korosho Mbichi

Nipo mkuu. 2013 nilikuwa form three. Watu wanasema wamakonde walikataa gesi isiende Dar kwa ubinafsi. Sio hivyo. Maandamano makubwa ya Desemba 2012 yalikuwa ya amani kabisa, watu wametembea na mabango, "gesi haitoki", wamerudi nyumbani. Januari kukachafuka, Masasi nyumba zikachomwa na unajua chokochoko za Masasi zilianzia wapi? Mwendesha bodaboda na polisi! Gesi yenyewe haikutajwa hapo mwanzo. Waziri mkuu Pinda akaja, akaongea na watu, pakatulia. Watu walitulia kweli maana waliona sasa wamesikilizwa.

Halafu Mei 22 bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, sisi tuko kwenye redio na TV, duka la jirani yetu lilijaa watu mpaka nje. Ikasomwa vilevile, bomba linakwenda. Hakukuwa na bei iliyopanda siku ile, hakuna aliyepigwa, ni sentensi tu kwenye hotuba. Watu hawakuambiana kitu, wakatoka pale dukani wamenyamaza na baada ya saa moja nikaona moshi. Baadaye jeshi likaja.

Ukiniuliza mimi ilikuwa ile miezi minne ya kungoja. Kama Januari wangetuambia tu hapana, bomba linajengwa mtake msitake, tungenung'unika yakaisha. Walitupa matumaini wakatunyang'anya kwenye redio.

Buda wa Rongai

Niaje wasee, Mkenya hapa. Nimesoma yote na naona mnakaribia lakini hamjafika. Mimi nilikuwa tao, yaani mjini Nairobi, 25 June 2024. Hebu niwaambie vile ilienda.

Finance Bill, ule muswada wa kodi, ilikuwa na mambo mengi, VAT ya 16% kwa mkate, 2.5% ya gari kila mwaka, wanataka kukusanya 346 bilioni hivi. Watu wakaitafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, ikazunguka WhatsApp mpaka shosho zangu wakaijua. Namba za wabunge zikawekwa online, simu zao zikajaa meseji hadi zikakwama. Sasa tarehe 18 wakatoa ushuru wa mkate. Kulingana na Fundi hapo juu si ingeisha? Mkate umetolewa, gari imetolewa. Badala ya watu kurudi, 20 ikawa kubwa kuliko 18, na 25 ikawa kubwa kuliko zote, mpaka ndani ya bunge.

Kwa nini? Manze, madharau. Kuna mkubwa bungeni alisimama akasema hao waandamanaji ni watoto wa Uber na KFC na iPhone. Sisi! Mimi nimetoka Rongai kwa matatu, nimekula smokie mbili! Hiyo kitu ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, wenye iPhone wakaskia wametukanwa na wasio na iPhone wakaskia hawaonekani kabisa. Ukitaka kuunganisha tabaka mbili ambazo haziongeangi, zitukane kwa sentensi moja.

Halafu mtoto wa watu akapigwa risasi hiyo tarehe 20. Hapo hakuna mtu alikuwa anaongelea ushuru tena.

Afisa Mstaafu

Vijana, niliwahi kufanya kazi upande wa pili, nitaishia hapo. Mnasahau jambo moja: risasi mara nyingi inafanya kazi. Mnataja Atbara 2018, mbona hamtaji Septemba 2013 Sudan hiyohiyo? Mafuta yalipanda, Khartoum ikawaka, wakapigwa risasi watu wengi sana ndani ya siku chache, kukatulia miaka mitano. Beijing Juni 1989 mnaijua. Andijan, Uzbekistan, 2005. Mnakusanya zile zilizofaulu mnasema ukipiga risasi watu wanaongezeka. Wakati mwingine wanaongezeka, wakati mwingine wanakwisha. Niliyojifunza ni kwamba siku ya kwanza hakuna kamanda anayejua itakuwa ipi, na anayekwambia anajua ni muongo.

Mtu wa Kijiweni

Mzee hapo umenibana kweli, sina jibu lililonyooka. Labda nijaribu hivi: Soweto Juni 16, 1976. Wanafunzi wanaandamana kwa sababu wamelazimishwa kusoma nusu ya masomo kwa Kiafrikana, hata walimu wao wengi hawakijui vizuri. Polisi wakapiga, Hector Pieterson wa miaka 12 akafa, Sam Nzima akapiga ile picha mnayoijua wote, mtoto kabebwa mikononi na dada yake anakimbia pembeni. Ikasambaa nchi nzima miezi na miezi. Lakini Makaburu walibaki madarakani mpaka 1994! Sasa tuseme risasi ilifanya kazi au haikufanya? Vijana maelfu walivuka mpaka kwenda kujiunga na ANC, wengine walikuja mpaka huku kwetu, Mazimbu pale Morogoro shule iliitwa Solomon Mahlangu ilijengwa kwa ajili yao. Utawala ulinunua miaka, bei yake ikaja kulipwa baadaye. Sijui kama hilo ni jibu.

Mtoto wa TikTok

mnaongea sana wazee, siku hizi ni mitandao tuuu, zima intaneti hakuna maandamano, full stop

Mtu wa Kijiweni

Dogo, hiyo hapana. Sudan baada ya mauaji ya Juni 3, 2019 pale makao makuu ya jeshi walizima intaneti wiki kadhaa. Kamati za mitaa zikagonga mlango kwa mlango, vikaratasi, meseji za kawaida, na Juni 30 Khartoum ikajaa watu wasiohesabika, tarehe ileile Bashir alipopindua miaka 30 nyuma. Bila TikTok.

Na babu zako Umatumbini 1905 walikuwa na nini? Maneno ya dawa ya Kinjekitile wa Ngarambe yalienda kwa mnong'ono, mtu anamwita mwenzake pembeni anamwambia, naye anaenda kumwambia mwingine, wao wenyewe waliuita njwiywila. Mjerumani yuko hapohapo na hajui kitu. Na mnajua Majimaji ilianzaje? Hawakuanza kwa kuua. Mwishoni mwa Julai wazee wa Nandete waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Ile pamba walilimishwa kwa nguvu, na kwingine malipo yalipokuja yalikuwa senti 35 kwa siku 28 za kazi, watu wakakataa hata kuzipokea. Miche michache tu! Lakini ilikuwa ya kung'olewa mchana watu wanaona, ili akida wa Kibata, msimamizi wa Mjerumani, apate habari na asiweze kunyamaza. Kile ndicho nilikuwa nakitafuta pale stendi, mtu wa kung'oa mche wa kwanza.

Kwamba vita yenyewe iliishaje sote tunajua, Mjerumani alichoma maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Usiniulize kama walifanya vizuri.

Dada Mkubwa

Nyote mmeongea kama wanaume. Nirudi Nairobi, Machi 16, 1922. Harry Thuku, kiongozi aliyekuwa anampinga Mngereza, kakamatwa, watu wamekusanyika nje ya kituo cha polisi, wawakilishi wao wakaingia kuongea na wakubwa, wakatoka wakasema turudini nyumbani serikali imeahidi. Na watu WAKAANZA KUONDOKA. Hii sehemu hamuipendi, wanaume walikuwa wanaondoka. Mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake juu mbele yao akawaambia chukueni gauni langu nipeni suruali zenu. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukageuka ukaelekea kwenye lango, askari wakafyatua, yeye akawa wa kwanza kwanza kufa, na walowezi nao walikuwa wanapiga risasi kutoka baraza la hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo mtoa mada, hesabu zako za jicho la pembeni nakubali, ila kuna mtu alibadilisha hesabu. Mpaka pale hatari ilikuwa kubaki. Alipoinua nguo, kuondoka ndio kukawa kugumu, maana utarudi nyumbani useme nini? Aibu ya kuonwa na wenzako unaondoka ikazidi hofu ya bunduki. Sijui kama nimeeleweka.

Buda wa Rongai

Umeeleweka sana dada. Hata 2024 mabeshte zangu wawili walikuja tao tu kwa sababu madem wa class yao walikuwa wameshapost wako huko.

Fundi Seremala

Haya nimekubali kidogo. Nusu. Lakini bila bei ya unga huyo Nyanjiru angekuwa anaongea na nani?

Pweza wa Forodhani

Fundi weye hushindwi.

Korosho Mbichi

Mkuu wa uzi, nina swali moja sijaridhika. Pale stendi kwa yule mama, hakuna hata mmoja aliyesema kitu zaidi ya huyo wa Mungu anawaona?

Mtu wa Kijiweni

Aisee. Kuna kitu sikukiandika kule juu na sasa Dada Mkubwa kanifanya nione haya.

Kulikuwa na bibi anauza ndizi pembeni, wa makamo, kitenge kimepauka. Mgambo walipokuwa wanapakia lile jiko kwenye gari alisema kwa sauti, tena anatuangalia sisi sio wao: "Na nyie mmevaa suruali za nini?" Sisi tukacheka. Kabisa, tulicheka, mpiga debe mmoja akamjibu utani akasema bibi suruali tumeazima. Kicheko kikaisha na ile hali ikaisha nacho, nakumbuka mpaka mgambo mmoja naye alitabasamu.

Mimi nilikuwa karibu na gari kuliko wote, hatua mbili, na nilikuwa nimeshika chapati.

Mama alirudi Jumatatu na karai dogo zaidi na jiko la kuazima. Nilimlipa ile chapati ya juzi maana katika zile vurugu niliondoka nayo. Akanirudishia chenji.